Andika Maji Kabla ya Ndege

Tuseme mtu wa Kapalata, pembezoni mwa mji wa Kisangani, mpenzi wa ndege, anashuka mtoni Jumapili ya mwisho wa mwezi wa saba. Fungu la mchanga limejitokeza katikati ya maji, na juu yake anahesabu ndege thelathini na kitu, wengine wamesimama na midomo yote imeelekea kule upepo unakotoka, wengine wamelalia vifua kama vipande vya magogo. Mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili anarudi palepale, saa ileile, na hapati hata mmoja. Maji ya kahawia yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, magugu yanaelea na mkondo, basi. Akifika nyumbani atasema kile ambacho kila mtu anasema: ndege wamekwisha, watu wamewamaliza. Huenda kwa ndege wengine anasema kweli, lakini kwa hao wa mchanga amekosea, na kosa si la macho yake. Ameandika ndege, hakuandika maji. Ushauri wangu unaanzia hapo na hauendi mbali sana na hapo. Katika bonde linalofurika kwa msimu, hesabu ya ndege isiyo na kipimo cha maji ubavuni mwake haimwambii mtu kitu, na mwangaliaji mwenye daftari na kijiti cha alama, anayerudi mahali pamoja mwaka mzima, atajua mengi kuliko mgeni mwenye darubini ya bei ghali aliyepita siku tatu.

Kwanza tuelewane kuhusu maji yenyewe, maana wengi huyachanganya na mvua. Kisangani iko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Hatuna kipwa kimoja kirefu na masika moja kama ndugu zetu wa Katanga. Mvua hapa haikosekani mwezi mzima, jumla yake kwa mwaka inapita milimita 1,600, nayo huzidi kuelekea mwezi wa nne na wa tano, kisha tena kuanzia wa tisa hadi wa kumi na moja. Mto nao hupanda mara mbili: kidogo mwezi wa nne na wa tano, sana mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili. Hushuka mwezi wa pili na wa tatu, na hushuka zaidi mwezi wa saba na wa nane. Ukiyatazama haya juu juu utadhani mto unafuata mawingu unayoyaona kwa macho. Sivyo. Maji yanayopiga kelele kwenye maporomoko ya Wagenia yametoka mbali: Lualaba inaanzia Katanga, inapita kwenye mabwawa ya Upemba yanayoyachelewesha, inapokea Lukuga kutoka Ziwa Tanganyika, halafu Elila, Ulindi na Lowa zinazoshuka kutoka milima ya upande wa Kivu. Kwa hiyo mto unaweza kupanda wiki nzima na Kapalata vumbi linatimka, na unaweza kushuka huku mabati yakigongwa na mvua kila alasiri. Anayeandika "jana ilinyesha sana" kisha akadhani ameandika hali ya mto amejidanganya.

Sasa ndege. Kuna wale ambao maisha yao yamefungwa kwenye maji yaliyopungua, na ni vizuri kuanza nao kwa sababu wanaonekana kwa urahisi na somo lao ni wazi. Yuko yule ambaye wataalamu humwita Rynchops flavirostris: mweusi juu, mweupe chini, mdomo wa rangi ya machungwa, na mdomo wa chini ni mrefu kuliko wa juu, kama mkasi uliovunjika ncha moja. Jioni huruka chini chini akichana uso wa maji kwa ule mdomo wa chini, mstari ulionyooka kabisa, na ukigusa samaki ule wa juu hujifunga papo hapo. Huyu hutaga kwenye kishimo alichofukua mchangani, na mchanga ukizama hana pa kutaga wala pa kulala. Yuko mbayuwayu mdogo wa kahawia, Riparia congica, anayeishi kando ya Mto Kongo na sehemu ya chini ya Ubangi tu, hana makao mengine duniani, na hutoboa shimo lake kwenye kingo za mchanga. Yuko na yule wa miamba, Glareola nuchalis, mwenye miguu myekundu na mstari mweupe kutoka jicho hadi kisogo, anayekaa juu ya mawe meusi katikati ya povu kama mtu aliyekaa barazani kwake. Mawe yakizama, huondoka. Ukimtafuta Wagenia wakati mto umejaa na usimwone, usiandike kwamba ametoweka; andika ni mawe yapi yamefunikwa.

Maji yanayoshuka yana sherehe yake, na kwangu hiki ndicho kipindi ambacho mwangaliaji asikikose hata kama atakosa vingine vyote. Mto unapojaa, huingia msituni na kwenye mabonde, na samaki huingia nao kutafuta chakula na mahali pa kuzaa. Kisiwa cha Mbiye, juu kidogo ya mji, kina misitu ya namna hiyo inayosimama majini sehemu ya mwaka. Wakati huo wala samaki wanatawanyika, kila mmoja na kona yake, na mtu aliye ukingoni haoni kitu. Kisha mto unaanza kurudi. Vidimbwi vinakatika kimoja kimoja, samaki wadogo wanabaki ndani yake kama kwenye sufuria, na siku chache tu zinatosha kuwakusanya yangeyange, korongo, fundichuma mwenye kichwa kama nyundo, na mdiria mweusi kwa mweupe anayesimama hewani akipiga mabawa kabla ya kujitupa. Ukija wiki moja mapema, unakuta maji. Ukichelewa wiki moja, unakuta tope lililopasuka na nyayo. Kalenda ya ukutani haikuonyeshi siku hizo, kwa sababu kila mwaka zinahama. Kinachokuonyesha ni kujua kwamba mwaka jana ndege walijaa pale maji yaliposhuka chini ya mkato wa tano wa kijiti chako, na kwamba leo yapo kwenye wa sita na yanashuka.

Wengine watasema kazi ya kupima mto ina wenyewe. Ni kweli, Régie des Voies Fluviales husoma kina cha mto kwa ajili ya meli, maana Kisangani ndiyo mwisho wa safari ya zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Kinshasa, na hakuna nahodha anayependa kukaa juu ya mchanga. Ukiweza kupata namba zao, zichukue kwa mikono miwili. Lakini kipimo cha bandarini ni cha mto mkubwa, na ndege wa pembezoni mwa mji kama Kapalata wanatumia maji ya aina mbili. Mto mkubwa hubadilika kwa wiki. Kijito cha bondeni, chenye mashamba ya mpunga na mabwawa ya samaki, hubadilika kwa saa. Mvua ya usiku mmoja hukijaza, na kesho kutwa kimerudi kwenye mfereji wake. Kukiwa na mto mkubwa uliojaa chini yake, kijito hakina pa kumwaga, maji yanarudi nyuma na bonde linakaa limefurika siku nyingi hata bila mvua. Hapo ndipo utakapoona jambo ambalo kipimo cha bandarini peke yake kisingekueleza: kwenye mpunga uliozama yupo ndege mwenye vidole virefu ajabu, mwekundu wa kahawia, shingo nyeupe, anayetembea juu ya majani yanayoelea bila kuzama, na wiki iliyotangulia hakuwapo.

Basi weka vipimo viwili, kimoja cha mto na kimoja cha kijito. Havihitaji fedha. Chukua mti mgumu ulionyooka, ukate alama kila sentimita kumi, uupige chini wakati maji yako kidogo kabisa, mahali ambapo mitumbwi haigongi na watoto hawachezi. Kama lipo daraja au nguzo ya saruji ya zamani, rangi ya mafuta inatosha. Sifuri iwe chini, namba zipande. Kila ukifika, kabla ya kuinua macho kutafuta ndege, andika tarehe, saa, mkato ambao maji yameufikia, na kama yamepanda au yameshuka tangu mara ya mwisho. Ongeza rangi ya maji kwa neno moja. Ongeza ukubwa wa mchanga unaoonekana, hata kwa kukadiria hatua. Halafu ndiyo ndege: yupi, wangapi, walikuwa wakifanya nini. Kaa nusu saa, isipungue wala isizidi, ili siku mbili ziweze kulinganishwa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni nzuri kwa sababu jua hapa huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, halituhamishi kama linavyowahamisha watu wa Ulaya. Mara moja kwa wiki inatosha kwa mto. Kijito kiendee pia asubuhi baada ya mvua kubwa. Na usipomwona ndege uliyemzoea, andika sifuri mbele ya jina lake. Watu wengi huacha wazi, na baada ya miezi sita hawajui tena kama nafasi ile ina maana hakuwapo au walisahau kumtafuta.

Hapo sauti ya kwanza ya kupinga inasikika, na ina haki ya kujibiwa: darubini iko wapi? Jibu la kweli ni kwamba kwa sehemu kubwa ya kazi hii huihitaji, na kwa sehemu ndogo huwezi bila hiyo. Ndege wa mtoni ni wa uwanja wazi. Furukombe aliyekaa juu ya mti mkavu, mnandi aliyetandaza mabawa ayakaushe, yangeyange, fundichuma, mdiria, hawa wote unawajua kwa umbo na mwendo kutoka upande wa pili wa kijito. Hata mbayuwayu wawili wanaowachanganya watu hutenganishwa kwa macho matupu. Mmoja ana koo jekundu na mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Huyo hutoka Ulaya na Asia, hufika kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi, na ikifika mwezi wa tano karibu wote wameondoka. Wa pili ni wa buluu iliyokolea inayong'aa mwili mzima, na kooni ana doa jeupe kama amebandikwa kipande cha karatasi. Huyo ni mwenyeji, hatoki mtoni, na hupenda kukaa juu ya kijiti kinachochomoza majini. Mwezi wa saba ukimwona mbayuwayu wa mtoni, hesabu nusu ya jibu umekwisha kuipata. Vile vindege vidogo vya miguu mirefu vinavyokimbia kwenye tope, hivyo ndivyo vinavyotaka darubini, na kama huna, andika "kidogo, cha kahawia, kinatikisa mkia, hakijulikani". Neno "hakijulikani" kwenye daftari si aibu. Aibu ni jina la kubuni.

Ukipata fedha ya kununua darubini iliyotumika, soma namba mbili zilizoandikwa juu yake. 8x42 maana yake inakuza mara nane na kioo cha mbele kina milimita 42. Usivutwe na 10 au 12 au zaidi: kadiri inavyokuza ndivyo mkono unavyoonekana kutetemeka, na ndani ya mtumbwi hutaona kitu ila mashetani. Kabla ya kulipa, itazame kwa macho yote mawili kwenye ukingo wa paa la bati lililo mbali. Ukiona kingo mbili badala ya moja, vioo vya ndani vimekwisha hama, irudishe kwa mwenyewe hata kama bei inapendeza. Na unyevu wa Kisangani huotesha ukungu ndani ya vioo. Ihifadhi kwenye mkebe unaofunga vizuri pamoja na mchele mkavu uliofungwa kwenye kitambaa, na mchele huo uubadilishe kila unapoanza kulainika. Watu watatu wanaoweza kuchangia darubini moja wako vizuri kuliko mmoja aliye nayo peke yake, maana wakati mmoja anatazama mwingine anahesabu na wa tatu anaandika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ndege wa kweli wa Kongo, wanasema, wako msituni: Yangambi, Masako, Yoko, mbali na kelele za mji. Bondeni kuna nini ila yangeyange? Sina ugomvi na msitu. Yangambi ni hifadhi ya biosfia tangu miaka ya 1970, iko kama kilomita 100 kuelekea chini ya mto, na mwenye nauli na wiki moja aende. Lakini kumbuka habari ya tausi wa Kongo, maana ndiyo habari kubwa kuliko zote za ndege katika msitu huu, na watu huisimulia kwa upande usio wake. Mmarekani James Chapin, aliyekuwa na msafara wa Herbert Lang katika misitu yetu kati ya 1909 na 1915, alipata unyoya mmoja huko Avakubi mwaka 1913, kutoka kwenye kofia ya mtu. Hakuujua ni wa ndege gani. Aliuhifadhi. Mwaka 1936, miaka 23 baadaye, aliona katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ndege wawili waliokaushwa wenye unyoya wa namna ileile. Walikuwa wamekaa pale miaka mingi na kibandiko kinachosema ni tausi wa India wachanga. Aliwapa jina Afropavo congensis, na mwaka 1937 alirudi Kongo kuwapata walio hai. Wanaosimulia husifia msitu uliomficha. Mimi naona msitu haukumficha vizuri kama kibandiko kilivyomficha. Wenyeji walimjua kiasi cha kuvaa manyoya yake; walioandika waliandika vibaya. Kama ndege mkubwa hivyo alipotea robo karne kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi, basi mtu wa Kapalata mwenye daftari lililoandikwa vizuri kando ya kijito ana kazi ya maana kuliko anayekwenda Yangambi mara moja na kurudi na orodha ya majina mia asiyoweza kusema aliyaona wapi, saa ngapi. Tena bondeni unaweza kurudi mara 52 kwa mwaka, kwa miguu au kwa toleka, yaani baiskeli ya kubeba abiria.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa wazungu, na mtu mwenye njaa haangalii ndege, anamla. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na nusu inawadharau wavuvi wetu. Mgenya anayefunga miti mikubwa kwenye maporomoko na kuning'iniza vikapu vyake vya mfano wa pembe amekuwa akisoma maji na ndege tangu utoto, kwa sababu chakula chake kiko humo. Anajua ni jiwe gani huzama kwanza na ni mwezi gani. Anajua mdiria wakikusanyika mahali wanafuata nini. Kinachokosekana si kuangalia, ni kuandika, na hapo kijana aliyesoma ana kitu cha kuleta mezani. Nenda kwa mvuvi mzee, mpe heshima yake, umwite baba, usimwulize "ndege huyu anaitwaje" kama mtu wa sensa; muulize "baba, jiwe lile likizama, hawa wanakwenda wapi?" Utapata mengi. Majina uyaandike kama unavyoyasikia na useme ni ya lugha gani, Kigenya, Kikumu, Kilokele au Kimbole. Kiswahili chetu kilifika hapa na misafara ya watu wa pwani, na majina yake ya ndege mengi ni ya pwani vilevile. Kwa ndege wa miamba au yule mchanamaji hakuna neno la Kiswahili linalojulikana na kila mtu Kisangani, na si vibaya kuazima la Mgenya mpaka sote tulizoee.

Kuna ndege mmoja ambaye maji hayamwelezi, na ndiye anayeonyesha faida ya kuyaandika. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu huvuka mto asubuhi na jioni kwa makundi, wakipiga miluzi, kutoka wanakolala kwenda wanakokula. Yeye hatagi mchangani wala halali kwenye mawe. Hutaga katika tundu la mti mkubwa. Kwa hiyo, kama umehesabu kasuku wanaopita juu ya kijiti chako nusu saa kabla ya jua kuzama, wiki baada ya wiki, na hesabu inashuka kama maji yamejaa na kama yamekauka, huwezi kumsingizia mto. Hapo lile neno "watu wamewamaliza" lina ushahidi. Ghana walilinganisha hesabu za namna hiyo za tangu mwanzo wa miaka ya 1990 na za miaka ya karibuni, na katika utafiti uliochapishwa 2016 wakakadiria kwamba kasuku wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99. Bila zile hesabu za zamani, kila mtu angebaki na kumbukumbu zake na mabishano. Mwaka huohuo, huko Johannesburg, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilimwingiza kasuku katika orodha ya kwanza, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Lakini mtego hausomi mkataba. Ukigundua mti wanaolala, andika kwenye daftari lako, usiutangaze kwenye simu, usiweke picha yenye jina la mahali. Hesabu ya jioni itoe, mti ufiche.

Adabu ya mchangani inahitaji maneno machache makali. Fungu la mchanga likiibuka ni zuri, linaita watu kuogelea na kupiga picha, na ndege wakiruka wote pamoja picha inapendeza. Yai lililo wazi kwenye mchanga wa saa sita mchana halichukui muda mrefu kuharibika. Kuna ndege mmoja wa mito mikubwa ya Afrika, Pluvianus aegyptius, ambaye hufukia mayai yake mchangani na kuyamwagia maji aliyoyachukua kwenye manyoya ya tumbo ili yasipikike. Mmarekani Thomas Howell alimchunguza huko Gambela, Ethiopia, na akaandika habari zake 1979. Kama ndege anafanya kazi hiyo siku nzima, wewe ukikaa pale nusu saa akiogopa kurudi, umempikia watoto wake. Angalia kutoka kwenye mtumbwi au ukingoni. Ukiona ndege anajivuta mbele yako kana kwamba amevunjika bawa, simama, tazama chini ya miguu yako, urudi kwa nyayo zilezile ulizokuja nazo.

Na wewe mwenyewe ujilinde. Jina la Kapalata kwa watu wengi ni jina la kambi ya jeshi, na mtu anayesimama na darubini shingoni akiandika namba daftarini anafanana sana na kitu kingine. Mwambie mkuu wa mtaa kabla hujaanza, si baada ya kukamatwa. Beba kitambulisho, nenda na mwenzako, daftari liwe wazi kwa yeyote anayetaka kuliona, na kioo chako kisielekee kambini, bandarini, kwenye bwawa la umeme la Tshopo wala upande wa viwanja vya ndege vya Bangoka na Simisimi, hata kama mwewe mzuri kuliko wote amekaa juu ya uzio wake. Upande wa Lubunga, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulioanza 2023 uliwafanya watu wengi wakimbie vijiji vyao. Uliza hali ya siku ile kwa wanaoishi huko kabla ya kuvuka. Ndege uliyemkuta amekufa usimshike. Vaa mabuti kwenye kijito: mwaka 1934 daktari Fisher wa hospitali ya Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, alieleza aina ya kichocho ambayo aliikuta kwa wagonjwa wa sehemu hizihizi, na konokono wake anapenda vijito vidogo vyenye kivuli, yaani palepale ambapo wewe unataka kusimama.

Vitabu visikutie hofu. Kile kikubwa cha Chapin mwenyewe kuhusu ndege wa Kongo ya Wabelgiji, juzuu nne zilizotoka kati ya 1932 na 1954, ni cha Kiingereza na ni kizito, lakini ndicho kinachotaja mito yetu kwa majina. Kitabu cha mfukoni cha Afrika Mashariki, ambacho ndicho rahisi kukipata kwa mtu anayetoka Kampala au Nairobi, kitakusaidia kwa yangeyange na korongo, na kitakupotosha kwa ndege wa msituni kwa sababu wengi wao hawamo. Programu za simu zinazotambua picha au sauti zitumie kama unavyomtumia jirani mwenye maneno mengi: sikiliza, kisha uhakikishe. Tovuti ya eBird, iliyoanza 2002 na ambayo leo inapokea orodha kutoka dunia nzima, ni mahali pazuri pa kuweka nakala ya kazi yako, na sehemu ya maelezo ukiandika "maji mkato wa nne, yanashuka" hakuna atakayekukataza.

Jambo la mwisho ni la kijiti. Kitasombwa. Si swali la kama, ni la lini, maana gogo moja lililobebwa na mkondo linatosha. Mwezi wa kwanza 2024 mto ulifika mita 6.20 kwenye kipimo cha Kinshasa, chini kidogo ya mita 6.26 za mwaka 1961, na watu wa bonde la Kongo, Tshopo ikiwamo, waliona maji mahali ambapo hawakuyazoea. Mwaka kama huo ndio mwangaliaji anaohitaji kipimo kuliko mwaka mwingine wowote, na ndio unaokibeba. Kwa hiyo siku ileile unayopiga kijiti chini, tafuta mti mkubwa au ukuta ulio juu ya ukingo, upigilie msumari, kisha kwa kamba na bomba la maji linaloonyesha ndani, kama mafundi wa nyumba wanavyopima usawa, upime msumari uko juu ya sifuri yako kwa sentimita ngapi. Iandike namba hiyo ndani ya jalada la daftari, kwa kalamu isiyochujuka. Kijiti kikienda, utapiga kingine kwa kupima kutoka kwenye msumari, na ukurasa wa mwezi wa saba utaendelea kuzungumza na ukurasa wa mwezi wa kumi na mbili.